Ukiwatuma Wanaokuzidi Umri

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Nyasubi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachia mpaka umalize maziwa ya mgando na usikilize habari za ng'ombe wake mmoja mmoja. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la watu wazima, unaanza juu ya mstari na kumalizikia bondeni. Vumilia tu. Mambo haya nikijaribu kuyasema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umefunga sanduku.

Habari za sanduku sitakuandikia. Wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa machimboni ambao asubuhi wanajiona matajiri na jioni wanaomba sigara. Umekua, umesoma, na Nyarugusu si mwisho wa dunia, ingawa lori likianza kuyumba kati ya mashimo utadhani ndio mwisho wenyewe.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema Jumapili tulipokuwa tunachambua mchele. Ulisema, "Mama, kule nilikofanya mazoezi wahudumu wote ni watu wazima, wengine sawa na wewe. Naona aibu kuwatuma. Bora nifanye mwenyewe, au niwaguse kwa mbali tu, wakielewa sawa." Ukamwigiza mama mmoja mnene wa huko anavyoburuta ndoo, nami nikacheka mpaka machozi. Lakini tangu Jumapili sina raha. Wiki ijayo wewe ndiye utakayeshika zamu kwenye kituo cha afya cha Nyarugusu, na wahudumu watakuwa chini yako. Mgonjwa akiharibika, atakayeulizwa ni Kabula. Naogopa, mwanangu. Yule mama wa ndoo nimekuwa mimi, na niliwahi kutumwa na msichana kama wewe, kwa mbali hivyohivyo.

Unajua kwamba nilikuwa mhudumu wa wodi kabla hatujahamia Kahama. Unajua pia kwamba kuna mwanamke alifariki, maana umenisikia nikimtaja kwenye sala. Kilichotokea sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo, bado nakubeba mgongoni, na baadaye nilipotaka kukusimulia nilikuta umeshazoea kunyamaza kwangu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ndogo, mabati yake yakipiga kelele mvua ikinyesha mpaka mtu unamsemesha mwenzako kwa mikono. Pale akaletwa muuguzi mpya, Sista Domitila, ametoka chuoni, mwembamba, viatu vyake vyeupe anavipaka chaki kila jioni. Tulimpenda mara moja. Wauguzi wengine wa siku zile walituona sisi wahudumu kama matambara ya kupigia deki. Walitupigia mluzi. Domitila alikuja wodini asubuhi, akaniinamia, "Shikamoo, Mama Kabula." Hakuna aliyewahi kuniamkia mle ndani nikiwa na ndoo mkononi. Nilikwenda nyumbani siku ile nikamwambia marehemu baba yako kwamba tumeletewa mtoto aliyelelewa.

Na kweli alikuwa amelelewa. Ila malezi yale yalimfunga mdomo. Hakuweza kuniambia, "Fanya hiki." Alisema, "Mama, samahani, ukipata nafasi." Alisema, "Mama, sijui kama ingewezekana." Mara nyingi nilimkuta anakung'uta mashuka mwenyewe, na kazi yake ya dawa inamsubiri, kwa kuwa kuniita ameona aibu. Nami nilikuwa nampenda kwa hilo, sikuelewa kwamba ni hatari.

Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi. Mchana kulikuwa na mwanamke mmoja aliyejifungua, anaitwa Minza, binti wa watu, uzazi wake wa kwanza. Alizaa salama, mtoto wa kike mwenye nywele nyeusi tele. Domitila akamlaza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Kabla hata hajanawa vizuri, wakaja kumwita mbio. Lori lililobeba watu wa kwenda kuuza pamba limepinduka kwenye matope, majeruhi wanashushwa, na mganga yuko peke yake.

Akanikuta napiga deki. Alisimama pembeni ili asikanyage nilipokwisha kupiga, angalia adabu hiyo, na watu wanalia nje. Akasema, "Mama, samahani sana. Ukipata nafasi, umtupie jicho yule wa mwisho." Nikamjibu, "Haya mwanangu." Akaenda.

Nikamtupia jicho. Nilimwona amelala chali, mtoto kifuani, ananitazama. Nikaona yu hai na mtoto yu hai, nikaendelea na deki. Sikujua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Baadaye kidogo akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, naona baridi." Mvua ilikuwa inanyesha, hata mimi nilikuwa naona baridi. Nikamletea blanketi zito, nikamfunika mpaka shingoni na kulipachika pembeni zote vizuri. Akasema ana kiu. Nikampa maji, akayamaliza, akataka tena. Nikafurahi, nikaenda jikoni kumtafutia uji. Nikarudi nikamkuta anatupatupa mikono, blanketi limeshuka. Nikalipandisha. Nikamwambia, "Tulia mama, utamwamsha mtoto." Nikamchukua mtoto nikamlaza pembeni ili mama yake apumzike.

Unaelewa kila nilichokiandika hapo, Kabula. Wewe umefundishwa. Mwanamke aliyetoka kujifungua, baridi, kiu, kutotulia. Nakuona hata sasa unavyosoma, mkono umeuweka mdomoni. Mimi sikufundishwa. Nilikuwa najiona namhudumia kama mwanangu, na Mungu ni shahidi, sijawahi kumhudumia mgonjwa kwa moyo kama siku ile.

Katikati ya shughuli Domitila alipita mlangoni, aproni yake imejaa damu ya watu wa lori. Akaniuliza, "Mama, anaendeleaje?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri, sasa amelala." Akasita pale. Mguu mmoja uliingia ndani. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alitaka kuja kulifunua lile blanketi aangalie mwenyewe, lakini mama mtu mzima ameshasema anaendelea vizuri, na kwenda kufunua mbele yake ni sawa na kumwambia kwamba anasema uongo. Akaurudisha mguu wake. Akasema, "Asante mama."

Aliporudi mara ya pili alikwenda moja kwa moja kitandani na kufunua. Sitaandika kilichokuwa chini ya blanketi. Minza alikuwa ameshakata roho, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha uji.

Domitila hakupiga kelele. Aliniuliza polepole, "Mama, hukuona?" Nikasema, "Hukuniambia niangalie damu." Akasema, "Nilidhani unajua." Maneno hayo mawili hayajanitoka. Alidhani najua kwa sababu nilikuwa mtu mzima, nimekaa wodi ile miaka. Na ni kweli nilikaa miaka. Nilijua kitanda kipi kina mguu uliolegea na mvua inaingilia pembe gani. Nilizeekea mle ndani na ndoo yangu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunionyesha damu ya uzazi ikiwa kiasi gani ni ya kawaida na ikiwa kiasi gani mtu akimbie. Nami sikuwahi kuuliza. Nilipenda kuonwa najua. Kama ningesema, "Mwanangu, nimtazame nini? Njoo unionyeshe," ingemchukua muda wa kukamua tambara tu.

Tuliitwa kwa metroni, wote wawili. Kila mmoja akasema lake, hakuna aliyemficha wala kumsingizia mwenzake. Metroni alisikiliza, akatazama dirishani, akasema watumishi wachache, mvua, lori. Akaturudisha kazini. Afadhali angetufokea.

Kilichonimaliza kabisa ni mama mkwe wa Minza. Alikuja kumchukua mtoto, akaambiwa ni mimi niliyekaa na mkwewe. Akanishika mikono yangu yote miwili. "Wabeja, mayu," akaniambia. Asante, mama. "Nimesikia ulimfunika. Angalau mwanangu hakufa na baridi." Nilitaka kumwambia kwamba blanketi lile ndilo lililotuficha ile damu. Sikuweza. Nikamwambia, "Haya mayu, pole." Akaondoka na mtoto kwenye mvua, amemfunga kwa khanga.

Domitila hakumaliza msimu ule. Aliomba kuacha kazi. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kwetu kuniaga, akaniinamia mlangoni, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikampa kigoda, nikamkaangia karanga. Alikubeba wewe, akacheza na vidole vyako. Tukaongea habari za barabara. Hakuna aliyemtaja Minza, kila mtu anamwonea mwenzake haya, tumekaa na adabu zetu kama wageni kwenye arusi. Alipoondoka nikaingia ndani nikalia mpaka baba yako akaogopa. Nilimpenda yule msichana. Nasikia sasa anafundisha ushonaji huko kwao na hataki hata kupita karibu na hospitali. Angekuwa muuguzi mzuri sana, kama angeweza tu kunitia adabu.

Tulipohamia Kahama nilipata tena kazi ya wodi, ingawa niliapa sitarudi. Kulikuwa na muuguzi kijana, mwanamume, tutamwita Elikana. Siku ya kwanza aliniamkia vizuri kabisa, nikamwitikia. Kisha akanipeleka kitandani kwa mgonjwa, akaniambia niangalie chupa ya dripu, ikifika hapa nimwite, mkono ukivimba hapa nimwite hata kama yeye anakula. Nikasema, "Haya mwanangu." Akasema, "Sawa mama. Hebu na wewe niambie, nimekuambia nini?"

Nilikasirika, Kabula. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia baba yako kwamba kuna mtoto wa juzi ananifanya mwanafunzi wa darasa la kwanza, nirudie maneno kama kasuku. Baba yako akacheka, akauliza, "Sasa uliyarudia?" Nikasema niliyarudia. "Yote?" Nikasema hapana, la mkono kuvimba nililisahau, akanikumbusha. Baba yako aliendelea kula. Nilikaa nikalifikiria. Halafu nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu siku ya Minza.

Elikana alikuwa hivyohivyo kila siku. Shikamoo haikupungua na kuagiza hakukupungua. Alinituma kwa jina la kazi na kwa saa yake, na baada ya kunituma alikuja kuangalia mwenyewe, nikiwa nimesimama palepale. Mwanzoni niliona ananipeleleza. Baadaye nikazoea, na wahudumu wenzangu wakazoea, tukawa tunamkimbilia kumwambia tusiyoyajua, kwa sababu kwake kutojua hakukuwa fedheha. Na kitu kimoja zaidi. Sindano hakuwahi kunipa nichome, hata wodi ilipomwelemea na wenzake wakituachia sisi wakaenda kunywa chai. Alisema hiyo ni yake, ikiharibika iharibikie mkononi mwake.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Unakumbuka dukani kwa Mzee Kassam, ulipokuwa na miaka saba hivi? Nilikutuma huku nikiwa nimeinamia moto, sikukutazama, na wewe hukusikia vizuri ni mafuta gani ninayotaka, ya taa au ya kupikia. Uliogopa kurudi kuniuliza. Ulisimama kwenye baraza la duka na chupa mkononi mpaka Mzee Kassam anafunga milango, akakushika mkono akakuleta mwenyewe. Akaniambia, "Mama Kabula, huyu mtoto tangu saa ile ananiambia anangoja kukumbuka." Nilikusifia kwa majirani. Nikasema mwanangu ana adabu, hanisumbui kwa maswali. Sikukuuliza ulikuwa unaogopa nini.

Ulikuwa unaniogopa mimi. Ulipouliza jambo mara ya pili nilikufyonya. Uliponiambia, "Mama, lakini ulisema," nilikukata jicho ukameza maneno. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kile ambacho adabu ya namna ile inaweza kufanya kwenye kitanda cha mwisho, na bado nikarudi nyumbani nikakulea uwe Domitila. Nakuandikia hili kwa uchungu. Nilikufundisha kuinama vizuri, na sikukufundisha kuinuka baada ya kuinama.

Wale akina mama utakaowakuta Nyarugusu wataamka kabla yako. Watakuwa wamechota maji, wamepika, wamegombana na waume zao wanaotoka mashimoni mikono mitupu, ndipo waje kazini. Waamkie. Kaa nao jikoni unywe chai yao hata kama haina sukari, maana sukari yenyewe siku hizi ni ya kusikia. Wengine Kiswahili chao ni cha kubahatisha, basi waeleze kwa Kisukuma, na kama ni Mzinza mtafute wa kumfasiria, usimtume mtu kwa maneno ya kitabu halafu ukashangaa. Lakini usimnyang'anye mama ndoo yake eti unamheshimu. Ukishika ndoo yake, kazi yako wewe nani ataishika? Mwonyeshe anachotafuta. Mwambie kikitokea nini aache kila kitu aje akuite. Mwache akuambie alivyokuelewa. Akisema mgonjwa anaendelea vizuri, mshukuru, kisha nenda ukafunue. Atanuna, kama nilivyonuna mimi. Kununa hakuui.

Na kama ipo siku mambo yataharibika mikononi mwenu, maana hata kwa anayejua yanaharibika, usimkalie mama wa watu na karanga mkaongea habari za barabara. Semeni, mlie pamoja.

Nasikia sauti za watoto huko nje, nadhani jua linazama na wewe uko njiani. Nimebakiza jambo moja, na ukweli ni kwamba hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu tangu ulipotoka.

Wiki uliyofika uliniona nikishindwa kujitwika ndoo. Ukaniuliza, "Mama, mkono huo una nini?" Nikasema ni uzee. Ukanitazama, macho yako yakashuka kifuani, nami nikavuta khanga. Ukasema, "Pole mama," ukaenda kuwasha moto. Muuguzi mwenye cheti chake, na hukuuliza tena.

Kabula, nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Upo tangu kabla ya mavuno. Hauumi, lakini unakua, na sasa ngozi ya juu yake imeanza kukunjamana. Sijamwonyesha mtu, hata shangazi yako. Nilikuwa nangoja wewe uende salama, uanze kazi bila wasiwasi, ndivyo nilivyojidanganya.

Barua hii nakuwekea chini ya mto wako uisome kabla hujalala. Kesho ukishaamka na kuniamkia, usiniulize naendeleaje. Nitakujibu naendelea vizuri, ndivyo ninavyojua kujibu. Funga mlango. Niambie niketi kitandani, nivue khanga, niinue mkono. Sema waziwazi, usiombe samahani. Nitaona aibu sana, huenda nikakufokea na kukuuliza tangu lini umeanza kumvua mama yako nguo. Acha nifoke, wewe angalia. Shika panapotakiwa kushikwa, mpaka kwapani, kisha uniambie nakwenda hospitali gani na siku gani, na usitoke chumbani mpaka umeniona nimefunga virago.

Lori la kesho la kwenda Nyarugusu likikuacha, na likuache.

Mama yako